Lubugo kwa Koti

Mzee Rugemalira wa Izigo alikuwa ameapa kwamba hatavaa koti maishani mwake, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyemwona akitetereka. Kanzu alivaa, kwa sababu padri aliyembatiza alimwambia kanisani haingii mtu aliyejifunga magome ya mti. Lakini koti, hapana. Wanaume wenzake walipouza kahawa na kurudi kutoka Bukoba kila mmoja na koti lake juu ya kanzu, yeye aliwatazama kama unavyotazama watoto waliojipaka masizi. Mvua ikinyesha alijikinga kwa jani la mgomba. Baridi ikimzidi alisogea motoni.

Sababu yake ilijulikana kijiji kizima. Zamani Rugemalira alikuwa fundi wa lubugo, ile nguo ya magome waliyovaa Wahaya kabla ya nguo za dukani. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na watu walitembea siku nzima kuifuata. Kisha kitambaa cha amerikani kikaingia, vikafuata vya kaniki na khaki, na baadaye marobota ya nguo kuukuu kutoka kwa Wazungu, ambazo watu waliziita kafa Ulaya. Mwaka mmoja wateja wake walipungua. Mwaka uliofuata walikuja tu waliotaka lubugo wa kuzikia maiti. Mwaka wa tatu hakuja mtu. Akakata miti yake ya lubugo, akapanda kahawa kama wengine, wala hakumlaumu mtu. Alichofanya ni kukataa koti tu.

Kwa hiyo mwaka 1954, binti yake wa mwisho, Klaudia, alipomjia Jumamosi moja mchana na neno la koti mdomoni, alikuwa amejiandaa njia nzima kutoka Nyanga, alikokuwa akifundisha shule. Alimkuta baba yake uani akigeuza kahawa juani kwa mguu, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Tata," alisema, "harusi imebaki wiki tano."

"Najua. Mama yako ananikumbusha kila nikitaka kukaa."

"Nataka twende Bukoba nikununulie koti."

Mzee aliendelea kugeuza kahawa. "Huyo Clavery wako amesema hanitaki bila koti?"

Clavery Mwijage, mchumba wake, alikuwa karani wa kupima kahawa, kijana mpole asiyeweza kumwambia mkwewe hata kwamba kibanzi kimemwingia kwenye ndevu.

"Clavery hajasema lolote. Ni mimi." Klaudia alichuchumaa, akaanza kuokota mawe madogo katikati ya kahawa ili asimtazame baba yake usoni. "Jumapili iliyopita ulikohoa mahubiri yote. Padri alinyamaza mara mbili akikungoja. Mimi nikishaolewa nitakuwa mjini, mvua itapiga bati, na nitakuwa najiuliza huku Izigo umejifunika nini. Jani la mgomba, Tata? Kweli?"

Rugemalira alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa maneno ya aibu, ya wakwe watasemaje, na majibu yake alikuwa nayo tayari tangu miaka ile. Hili la mvua na bati hakulitegemea.

"Nitakwenda kuangalia," alisema mwishowe. "Kuangalia si kununua."

Kokugonza, mkewe, aliyasikia hayo kutoka jikoni akatoka na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Furaha ilimpata, lakini hofu nayo haikuchelewa. "Kafa Ulaya ni nguo za marehemu," alisema. "Kama zingekuwa za watu wazima na afya zao, wangeziuza za nini? Likija hapa, haliingii ndani kabla sijalinyunyizia maji ya baraka."

"Linyunyizie hata pombe," alisema mzee. "Sijalinunua bado."

Jumamosi iliyofuata walisimama kando ya barabara, wakapanda basi lililotoka Muleba likiwa limejaa mikungu juu na watu chini. Rugemalira alikaa dirishani. Klaudia alimwona akiwatazama wanaume waliovaa makoti mle ndani, mmoja baada ya mwingine, si kwa dharau ya siku zote, bali kama mtu anayejiuliza analala vipi anayevaa kitu kama hicho.

Duka walilolitafuta lilikuwa mtaa wa Miembeni. Mwenyewe aliitwa Lukmani, mtu mnene mchangamfu aliyemfahamu Klaudia. Baba yake alikuja na misafara kutoka Tabora akaoa Mhaya wa Kiziba, hivyo Kihaya alikizungumza bila kukwama. Marobota yake yalifika kwa meli kutoka Kisumu. Nguo za kawaida alizimwaga barazani, watu wakachambua wenyewe. Lakini makoti mazuri aliyatenga, akayatundika kwenye henga katika chumba cha nyuma chenye harufu ya dawa ya nondo, na aliyataja kwa majina ya mafundi walioyashona, kana kwamba alikula nao chakula.

"Karibu mwalimu. Karibu mzee," alisema akiwapisha. "Kule barazani msiguse. Huko ni kwa wavulana wa kwenda dansi. Haya hapa ni makoti ya mabwana. Kila moja lina jina la fundi wake kwa ndani, na huko London mtu hapati koti kwa fundi kama huyu mpaka apimwe mara tatu."

Alianza na koti la mvua la rangi ya mchanga, lenye mkanda na vifungo viwili viwili. Klaudia alilipenda pale pale. Akamshikia baba yake avae, lakini mzee hakuingiza mkono. Alilichukua, akalipindua nje ndani, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono kutoka kwapani hadi kiunoni.

"Huyu alikuwa na njaa," alisema.

"Nani, mzee?" Lukmani aliuliza.

"Aliyeshona. Tazama hapa juu, anakwenda vizuri. Hapa katikati anawaza chakula. Huku chini ameshaondoka."

Lukmani alisogea akatazama. Kweli, mishono ya chini ilikuwa mirefu na iliyolegea. Akacheka hadi tumbo likatikisika, akalirudisha, akaleta la pili, la buluu nzito na vifungo vya kung'aa.

Mzee akalipindua vile vile. "Huyu alifundishwa na mtu mzuri," alisema. "Ila hakumaliza kufundishwa."

La tatu lilikuwa na ukosi wa manyoya, na Lukmani alilileta kwa mikono miwili. Rugemalira aliligusa mara moja tu, akamrudishia. "Hili limetengenezwa ili litazamwe. Mimi sitazamwi, nakohoa."

Klaudia alianza kuona aibu, akitaka kumwomba Lukmani radhi. Lakini Lukmani alikuwa hana hasira hata kidogo. Katika miaka yake yote ya kuuza makoti, wateja walimuuliza rangi, bei, na kama lina mifuko ya ndani. Hakuwahi kupata mtu wa kumsomea mafundi wake. Alileta la nne na la tano kwa sababu tu alitaka kusikia yatasemwa nini, na yote mawili yakaanguka.

Koti lililomnyamazisha mzee halikuletwa na mtu. Lilikuwa la mwisho kabisa ukutani, nyuma ya mengine, la sufu ya kijivu iliyokolea, halina mkanda wala mapambo. Rugemalira alilivuta mwenyewe kwa sababu mkono wake ulipita juu yake na kusimama. Akalipindua. Akalipeleka mlangoni. Akainua ukosi, akatazama chini yake, mahali ambapo mvaaji mwenyewe haoni, akakuta mishono midogo sana, mamia kwa mamia, iliyopangwa kama punje za ulezi, yote ya mkono. Alitazama mabega. Alitazama tundu la kila kifungo. Klaudia alihesabu watu sita waliopita barabarani kabla baba yake hajasema neno.

"Huyu," alisema, "alikuwa mtu."

"Ni koti zuri hilo," Lukmani alikubali, safari hii bila maneno mengi.

"Alijua hapa hapatazamwi na yeyote. Akapashona hivi hivi." Mzee alimgeukia binti yake. "Limeandikwa nini?"

Klaudia akasoma kile kitambaa cha hariri kilichoshonewa kwa ndani. "Thorley na Wanawe, London."

"Yupo hai?"

"Mwenye koti?"

"Mwenye koti ananihusu nini? Fundi."

Hakuna aliyejua. Lukmani alisema labda wale wana wanaendelea. Mzee aliitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu wa mbali.

Alipolivaa lilimfika karibu na vifundo vya miguu, na mikono ikameza vidole. Lakini mabegani lilikaa. Klaudia alimtazama baba yake akiwa amesimama pale katikati ya makoti, mwembamba, mvi kichwani, na ghafla akatamani alie. Hakujua kwa nini. Akauliza bei.

Lukmani alitaja. Hakuitaja kwa uroho. Makoti kama lile yalimjia moja kwa mwaka, na Wahindi wa mtaa wa pili wangelichukua kesho. Klaudia alifungua pochi, kisha mkono wake ukasimama humo ndani. Baba yake aliuona mkono huo.

"Twende, mwanangu," alisema, akilivua. "Si nilisema nakuja kuangalia? Nimeangalia." Lakini alipolirudisha kwenye henga alilinyoosha mabega, akafunga kifungo cha juu, na kiganja chake kikabaki pale kifuani mwa koti kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee, ngoja," alisema Lukmani. "Macho haya umeyapata wapi? Wewe ni fundi cherehani?"

"Sijawahi kugusa cherehani. Nilikuwa natengeneza lubugo."

Lukmani alivuta kigoda akaketi. Uchangamfu wa kibiashara ulimtoka usoni, akabaki mtu wa kawaida mwenye shida yake.

"Mama yangu yuko nyumba ya nyuma," alisema. "Ni mzee sana, macho yameondoka. Tangu mwaka jana hataki blanketi. Nimempa la sufu, nimempa shuka za Bombay, anazitupa chini. Anataka lubugo, kama aliofunikwa utotoni. Nikaagiza Masaka, kule Uganda, nikaletewa miwili mizuri. Wa kwanza ameushika mara moja tu, akasema umepigwa na watu wanaofukuzwa. Wa pili akasema unanuka haraka ya aliyeupiga. Mimi sielewi maneno hayo, mzee. Ila leo nimekusikia wewe ukizungumza na makoti yangu, nikadhani nimemsikia yeye."

Rugemalira alikuwa anatazama mikono yake.

"Nitengenezee mmoja," Lukmani alisema. "Mama akiukubali, koti lako. Sitaki kitu kingine."

"Na asipoukubali?" aliuliza Klaudia.

"Basi koti litabaki hapa, na mimi nitabaki na mama yangu na kelele zake. Nitalingojesha wiki tatu."

Mti wa lubugo uliosalia shambani kwa Rugemalira ulikuwa mmoja. Ule aliuacha siku alipokata mingine, akisema ni wa kivuli cha kahawa, na viazi vikuu vikapanda juu yake mpaka watu wakasahau ni mti gani. Jumatatu asubuhi aliusafisha. Kisha akaingia ndani kutafuta nyundo zake, zile nyundo za mti mgumu zenye mistari iliyochongwa kichwani: moja ya mistari mipana, moja ya wastani, na moja ya mistari myembamba kama nyuzi. Alitafuta chini ya kitanda, darini, kwenye banda la mbuzi. Hakupata.

"Unatafuta nini unanifukuza kuku?" Kokugonza aliuliza.

"Hakuna."

Kokugonza alimtazama kidogo. Akaingia chumbani kwake, akarudi na furushi la majani makavu ya mgomba lililofungwa kwa kamba, akaliweka mbele ya mumewe, akarudi jikoni. Ndani yake zilikuwamo nyundo zote tatu, zimepakwa samli, hazina hata ufa. Mzee alikaa nazo mapajani muda mrefu. Alikuwa ameanza kuamini kwamba mkewe alizichomea moto wa maharage.

"Ulizipaka lini?" aliuliza baadaye, akichungulia jikoni.

"Kila mwaka mahindi yakichanua. Sasa nitolee kivuli chako hapo, sioni chungu."

Alikwangua gamba la nje la mti, akakata duara juu na duara chini, akapasua katikati, akabandua gome kwa kijiti cha mgomba kama unavyomvua mtoto shati akiwa usingizini. Shina lililobaki uchi alilifunga kwa majani mabichi ili lipone. Gome akalipitisha juu ya moto mdogo, akalilaza juu ya gogo kwenye kibanda cha zamani, akainua nyundo ya mistari mipana.

Sauti ile, kavu na yenye mwendo, ilivuka mashamba. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisimama. Mzee Byarugaba, jirani, alikuja mbio akidhani kuna msiba wa mkubwa, maana siku hizo lubugo haukupigwa ila kwa kuzikia.

"Nani kafa?" aliuliza akihema.

"Hajafa mtu," alijibu Rugemalira bila kusimama. "Natafuta koti."

Byarugaba alirudi kwake akawaambia watu kwamba rafiki yake amechanganyikiwa, lakini afya yake nyingine ni nzuri.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili mkono wa kulia haukuinuka. Kokugonza aliukanda kwa samli na maji ya moto, akimsema wakati wote, naye akakubali kusemwa. Siku ya tatu alirudi kibandani akapiga kwa mkono wa kushoto asubuhi na wa kulia mchana. Gome lilitanuka, lililokuwa na upana wa shubiri mbili likafika dhiraa mbili, likapita, likawa laini, likaanza kupata ile rangi ya udongo mwekundu. Alipofika kwenye nyundo ya mistari myembamba, siku ya tano, kikohozi kilimshika katikati ya pigo, nyundo ikashuka upande, na lubugo ukatoboka. Tundu lilikuwa kama jicho la kuku, karibu na katikati.

Klaudia alimkuta hivyo alipokuja Jumamosi: ameketi mbele ya kazi yake, nyundo chini.

"Haufai," alisema mzee. "Baba yangu angeuchoma."

"Tata, ni tundu dogo."

"Macho ya yule mama ni vidole. Ataliona kabla ya kitu kingine."

"Si uzibe?"

"Kuziba ni saa moja. Siku zile nilikuwa naziba hata mtu akitafuta asione." Alipitisha kidole juu ya tundu. "Siku zile sikuwa nikitoboa."

Klaudia akashika kazi. Alichukua maji, akamnywesha baba yake, akachukua ile nyundo ndogo akamwuliza inashikwaje. Mzee akamwonyesha. Alikuwa hajawahi kumwonyesha mtoto wake yeyote; wana wake wa kiume walikwenda shule, na kazi yenyewe ilikuwa imekufa. Klaudia alipiga ukingoni, vibaya, kisha si vibaya sana. Baba yake alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akasema, "Wewe nawe una njaa," na baada ya hapo akamwomba mkewe nyuzi za mgomba na sindano, akaketi kuziba tundu.

Walipofika tena Miembeni, lubugo ukiwa umekunjwa ndani ya mkeka, Kokugonza naye alikuwa pamoja nao. Alisema anakwenda kununua chumvi. Lukmani hakuwapitisha dukani. Aliwapeleka moja kwa moja nyumba ya nyuma.

Bibi Kemilembe alikuwa mdogo sana juu ya kitanda kikubwa, na blanketi lilikuwa sakafuni kama mwanawe alivyosema. Aliwasalimia kwa Kihaya cha zamani, akiuliza habari za nyumbani, za mashamba na za mvua, bila kuharakisha. Kisha akanyoosha mikono.

Rugemalira alipiga magoti akamwekea lubugo mapajani. Vidole vya yule mama vilianza ukingoni. Vilipita pale alipopiga Klaudia, vikasita, vikaendelea. Vilikwenda kushoto, vikarudi kulia. Vikafika katikati, vikasimama.

"Hapa palitoboka," alisema.

"Ndiyo, Mae."

"Kwa nini?"

Klaudia alimwona Lukmani akimkonyeza mzee, kana kwamba anamwambia aseme lolote, aseme ni fundo la mti. Mzee hakumtazama.

"Mkono wangu umezeeka," alisema. "Nilikohoa nikakosea pigo. Nimeziba, lakini palitoboka."

Bibi Kemilembe alirudisha vidole vyake juu ya kiraka, akavizungusha pole pole, mara moja, mara mbili, akitafuta mahali mshono ulipoanzia. Alitafuta muda mrefu. Kisha akauvuta lubugo wote hadi kidevuni, akageukia ukuta.

"Lukmani," alisema kutoka huko, "waondoe watu, nataka kulala. Huyu mzee asiondoke bila kula."

Lukmani alitoka nje akajipangusa uso kwa kanzu yake. Alikwenda mwenyewe kulitoa koti kwenye henga.

Kwa kuwa lilikuwa refu, lilipelekwa kwa Ishengoma, fundi cherehani aliyekaa barazani hatua chache kutoka pale. Mzee hakukubali liachwe. Alikaa kwenye kigoda pembeni mwa cherehani mchana kutwa, akimwambia Ishengoma apunguze chini na mikononi tu, na mabega asiyaguse hata kwa mawazo. Ishengoma mwanzoni alikereka. Lakini mzee alipomfunulia ukosi na kumwonyesha ile mishono ya chini, Ishengoma aliacha cherehani, akachukua sindano, na pindo lile akalishona kwa mkono. Jioni aliwaambia mafundi wenzake kwamba siku ile alifanya kazi akitazamwa na watu wawili, mmoja wa Izigo na mmoja wa London.

Kokugonza alilinyunyizia maji ya baraka, ndani na nje, na mifukoni pia. Kisha akalinusa, akasema marehemu alikuwa mtu safi.

Siku ya harusi mvua ilinyesha tangu alfajiri na kukatika saa nne. Rugemalira alimshika Klaudia mkono kutoka mlangoni mwa kanisa la Bukoba hadi mbele, amevaa kanzu nyeupe na koti la kijivu juu yake, mwendo wake wa taratibu kama siku zote. Watu wa Izigo waliokuja na lori walisukumana kumwona. Byarugaba, aliyejua kiapo kile tangu siku kilipoapwa, alisimama juu ya benchi mpaka mzee wa kanisa akamshusha. Baba yake Clavery, aliyevaa suti mpya ya dukani, aliuliza kwa unong'ono koti kama lile linapatikana wapi, akaambiwa kwamba si rahisi.

Klaudia alisikia kidogo tu ya yote hayo. Alichosikia ni mkono wa baba yake chini ya wake, ukiwa na joto, na kwamba baadaye mahubiri yalikwisha bila mzee kukohoa. Kabla ya mahubiri hayo, walipofika kwenye ngazi za madhabahu na mzee hajamwachia bado, aliinama sikioni mwake.

"Sasa ukisikia mvua," alisema, "lala."

Siku mbili baadaye, wageni wakiwa wameshaondoka, Kokugonza alikaa kituo cha basi na mizigo yake yote: masufuria ya kuazima, kikapu cha kuku wawili, na chumvi. Basi la Muleba lilikuwa linanguruma tayari. Mumewe alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumjulia hali Bibi Kemilembe mara moja tu, na ile mara moja ilikuwa imekula asubuhi nzima.

Klaudia na Clavery walitumwa kumfuata. Walimkuta amevua koti, amelilaza mapajani pa yule mama, ukosi umeinuliwa, naye anamwongoza vidole.

"Hapa," alikuwa akisema, "sikiliza hapa chini. Unamsikia?"

"Namsikia," alisema Bibi Kemilembe. "Huyu naye alikuwa na mama mkali."

"Tata," aliita Klaudia kutoka mlangoni, "basi linaondoka!"

"Liache liondoke," alijibu mzee, bila kugeuka. "Kuna jingine kesho. Mwambie mama yako aje ndani anywe chai."